Waliombeba Mpweke

Mapema katika filamu ya Jeremiah Johnson, theluji imefunika kila kitu na stelingi ana njaa. Amevipa kisogo vita na miji ya tambarare, amepanda Milima ya Rocky akitaka kuishi peke yake, na tayari milima inamshinda. Samaki wanamponyoka mtoni. Bunduki kubwa aliyoitaka dukani aliikosa, akachukua ndogo. Ndipo anapomkuta mtu ameketi chini ya mti, ameganda kwa baridi, roho imeshamtoka zamani, mikono ingali imeikumbatia bunduki ileile ya ndoto yake. Maiti ana karatasi. Ni wasia alioandika kabla ya kukata roho: amevunjika miguu, dubu aliyemmaliza amemuua, na bunduki iliyofanya kazi hiyo anamrithisha yeyote atakayemkuta, huku akimwomba Mungu mtu huyo awe Mzungu. Jeremiah anaichukua bunduki na kuendelea na safari yake, na kuanzia hapo milima inaanza kumkubali.

Filamu hiyo ilitoka mwaka 1972. Iliongozwa na Sydney Pollack, Jeremiah akawa Robert Redford, na theluji inayoonekana ni theluji ya kweli ya Utah, jimbo ambalo Redford alilipenda hata akajenga makazi yake huko na kufia huko Septemba 2025. Mwaka huohuo wa 1972 ilishindanishwa katika tamasha la Cannes, Ufaransa. Ina maneno machache na kimya kingi. Watu walioiona miaka mingi iliyopita hukumbuka mtu mmoja, farasi wake na mlima, basi. Lakini akirudi mtazamaji kwenye tukio lile la maiti na wasia, ataona kwamba maisha ya kujitegemea ya shujaa huyu yameanza kwa kurithi. Silaha itakayomlisha na kumlinda ameitoa mikononi mwa mwingine, na huyo mwingine, akiwa anakufa peke yake katika baridi, alitumia nguvu zake za mwisho kumfikiria mtu asiyemjua.

Ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, huko Likoni, Kisauni na Changamwe, filamu za watu wa aina hii zilikuwa na wapenzi wake. Vibanda vya video vililea kizazi kizima. Mtu alilipa shilingi chache, akabanwa kwenye benchi kati ya mabega ya wenzake, joto la pwani likimtiririka mgongoni, akamtazama mtu aliye peke yake kabisa katika nchi ya barafu. Kanuni ilijulikana kabla taa hazijazimwa: stelingi hafi. Risasi zitampita, mto utamtapika, na mwisho ataondoka bila kuagana na mtu. Baadaye ikaja sauti ya DJ Afro juu ya picha, ikisimulia kwa Kiswahili kila kofi na kila risasi, na hapo hata kimya cha stelingi kikapata msemaji. Mapenzi hayo kwa mtu asiye na watu yanahitaji kufikiriwa, maana hakuna aliyekuwa kibandani ambaye angekubali kuishi hivyo. Wahenga wa pwani walishalifunga jambo hilo kwa maneno mawili matatu: upweke ni uvundo. Mtu anayekula peke yake, anayelala peke yake, asiyeitwa kwenye arusi wala kuarifiwa msiba, huyo watu humwonea huruma au humwogopa. Asubuhi, kivukoni Likoni, umati unaposhuka kwenye feri bega kwa bega, na mikokoteni ikipigiwa mluzi ipishwe, mtu hapati nafasi ya kuwa peke yake hata kama anaitaka.

Huenda ndiyo sababu filamu zile zilivutia. Zilionyesha kitu ambacho mtaa haukuwa nacho. Lakini mtazamaji wa pwani ana swali moja ambalo filamu za magharibi hulipita haraka, na ni swali la mtu aliyezaliwa karibu na bandari: mzigo wa huyu bwana anaubeba nani?

Jeremiah Johnson, kwa haki yake, inajibu kwa uaminifu kuliko filamu nyingi za jamii yake. Mzee Bear Claw, mwindaji wa dubu aliyeigizwa na Will Geer, anamfundisha Jeremiah kila kitu, namna ya kulala juu ya makaa yaliyofukiwa ardhini hata namna ya kumkaribia mnyama. Mama aliyeuawa wanawe anamkabidhi mtoto pekee aliyebaki, mvulana ambaye kwa hofu aliyoiona hasemi tena. Chifu wa Waflathead anamwoza binti yake, Swan, baada ya zawadi kujibiwa kwa zawadi hadi pande zote mbili zikafungwa na heshima. Wanajenga nyumba ya magogo, mume, mke na mtoto, watatu wasio na lugha moja. Hapo katikati ya filamu, kwa muda mfupi, mtu wa mlimani ana kwake. Ndiyo sehemu nzuri kuliko zote, na ni sehemu ambayo bango la filamu halikuichagua.

Kisha wanakuja askari. Wanataka kuongozwa haraka kuvuka milima kwenda kuwaokoa wasafiri waliokwama, na njia ya mkato inapita kwenye makaburi ya Wacrow. Jeremiah anajua kwamba hapapitwi. Anapita. Anaporudi nyumbani, mke na mtoto wameuawa, na vita vyake na Wacrow, mmoja mmoja, msimu baada ya msimu, vinaanza.

Mtu wa Rabai au wa Kwale hahitaji kufafanuliwa kosa hilo. Nyuma ya miji ya pwani iko misitu ya kaya za Wamijikenda, ambayo baadhi yake iliingizwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2008. Mgeni anayepita barabarani huona kichaka kizito na kudhani ni pori lisilo na mwenyewe. Wenyewe wanajua palipozikwa fingo, wapi kuna makaburi ya wazee, mti upi haukatwi, njia ipi haiingiwi na viatu. Nyika yenye majina haiwezi kuwa tupu. Pollack alilielewa hilo, ndiyo maana kosa kubwa la filamu yake halifanywi kwa bunduki, linafanywa kwa miguu ya farasi inayopita pasipopitwa.

Rabai hapohapo, kilomita chache kutoka Changamwe, aliishi mpweke mwingine wa milima. Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani, alifika Mombasa mwaka 1846 kujiunga na mmisionari mwenzake Ludwig Krapf, ambaye mkewe Rosina alikuwa ameshazikwa upande wa Kisauni tangu Julai 1844. Tarehe 11 Mei 1848 Rebmann aliuona mlima Kilimanjaro na theluji yake, akaandika habari hiyo, na mabingwa wa jiografia walioketi London wakambishia kwa miaka. Krapf aliondoka. Rebmann akabaki, karibu miaka 30, mkewe akafa huku, macho yakaanza kufifia. Wasafiri waliomtembelea walimweleza kama mtawa aliyesahauliwa kilimani. Ni kweli kwamba alikuwa na ukimya mwingi. Lakini siku alipouona mlima aliongozwa na Bwana Kheri, kiongozi wa misafara wa pwani aliyezijua njia za Uchaga kabla mmisionari hajajua hata kuomba maji kwa Kiswahili. Na mwaka 1875, kipofu, alipopanda meli kurudi Ujerumani kufa, aliyemshika mkono alikuwa Isaac Nyondo, kijana wa Rabai. Kutoka Rabai hadi Ujerumani ni mwendo mrefu wa kumshika mzee mkono.

Jeremiah wa filamu naye alikuwa na mtu halisi nyuma yake. John Johnston alikuwa mtegaji, askari na mpasua kuni wa Marekani ya karne ya 19, na hadithi za vijiweni zilimzulia kwamba alikula maini ya maadui zake. Hadithi hizo zilimwacha milele peke yake juu ya jabali. Maisha yake yalikuwa na watu wengi zaidi. Alipigana jeshini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, akawa mlinzi wa sheria katika mji wa Red Lodge, Montana, na Januari 1900 akafia Los Angeles katika nyumba ya kutunzia maaskari wazee, kitanda chake kikiwa mojawapo ya vitanda vingi. Alizikwa hukohuko, mbali na milima. Baada ya filamu kutoka, wanafunzi wa shule moja ya California wakishirikiana na mwalimu wao walianza kudai mzee arudishwe. Juni 1974 mabaki yake yalizikwa upya Cody, Wyoming, na miongoni mwa waliolibeba jeneza alikuwemo Robert Redford.

Mwigizaji akambeba aliyemwigiza. Hapo ndipo habari inapovuka bahari na kutua Kisauni, maana miaka 100 kabla ya mazishi hayo ya Cody, mpweke mwingine mashuhuri alibebwa, naye mmoja wa waliombeba alikuja kuishi na kuzeekea Mombasa.

Jina la kwanza la mchukuzi huyo lilikuwa Chengwimbe, mtoto wa Kiyao. Alikamatwa akiwa mdogo, akauzwa, akapakiwa jahazini, jahazi likakamatwa na manowari ya Waingereza. Walioachiliwa namna hiyo wengi walipelekwa India, na yeye akafikishwa shule ya misheni ya Nasik, karibu na Bombay, akasomeshwa, akabatizwa na kupewa jina la Matthew Wellington. Mwaka 1872, Henry Stanley alipotaka watu wa kumpelekea daktari na mmisionari David Livingstone aliyebaki bara, Matthew alikuwa miongoni mwa vijana wa Nasik waliojiunga na msafara huo. Walikuwa watu 57. Walimkuta mzee Unyanyembe, Tabora ya leo, Agosti mwaka huo, wakaondoka naye kuelekea kusini kutafuta chemchemi za Nili, ambazo hazikuwa huko.

Livingstone ndiye mzazi wa mapicha yote ya Mzungu mmoja katika pori la Afrika. Magazeti ya Ulaya yalimchora hivyo, na mwaka 1939 Hollywood ikatengeneza filamu ya namna alivyotafutwa na kupatikana, Spencer Tracy akiwa Stanley. Hata ile salamu maarufu ya Ujiji mwaka 1871 hukumbukwa kama maneno ya watu wawili waliokutana mwisho wa dunia. Ukweli ni kwamba mtu wa kwanza kumkimbilia Stanley na kumwamkia siku ile alikuwa Susi, mtumishi wa Livingstone. Na jeraha la bega ambalo daktari huyo alilibeba maisha yake yote, alilopata simba alipomrukia kule Mabotsa mwaka 1844, lingekuwa kifo palepale kama si Mebalwe, mwalimu Mtswana, aliyemvuta simba kwake kwa kumlenga bunduki, naye akaumwa paja.

Usiku wa kuamkia tarehe 1 Mei 1873, katika kijiji cha Chitambo, nchi inayoitwa Zambia leo, kijana Majwara aliyekuwa akilala mlangoni aliamka na kuwaita wenzake. Livingstone alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, kichwa juu ya mto, mwili umeanza kupoa. Mvua za masika zilikuwa zimewachosha wote. Pwani ilikuwa zaidi ya kilomita 1,500 kutoka pale. Watu 60 hivi, wengi wao walioajiriwa kwa mshahara, walikuwa na haki zote za kumzika chini ya mti, kugawana nguo na shanga zilizobaki, na kutawanyika. Hakuna ambaye angewauliza.

Walikaa shauri. Ndilo neno linalohitajika hapa, shauri la kawaida la msafara, watu wamechutama, wakubwa wakizungumza na wadogo wakisikiliza. Masanduku yakafunguliwa mbele ya wote, na Jacob Wainwright, mwanafunzi mwenzake Matthew kule Nasik, akaandika orodha ya kila kilichokuwamo ili asije mtu akadai kwamba wameiba. Susi na mtumishi mwenzake Chuma wakakubaliwa kuwa viongozi. Uamuzi ukawa kwamba mwili utarudishwa kwao. Kila aliyekuwa pale alijua uzito wa uamuzi huo. Katika nchi nyingi za njiani maiti ya mgeni ilikuwa balaa inayotozwa faini au kufukuzwa kwa mishale, na kubeba maiti ni kujibebea hofu zote za kila kijiji unachokipita.

Farijala, ambaye aliwahi kuwa mtumishi wa daktari mmoja Zanzibar, ndiye aliyepasua. Moyo na matumbo vilizikwa chini ya mti, Jacob akasoma sala za maziko, akachonga jina na tarehe kwenye gome. Mwili ukatiwa chumvi, ukaanikwa juani kama siku 14 ndani ya ua uliojengwa kwa ajili hiyo tu, huku wengine wakilinda wanyama wasiingie. Kisha ukakunjwa magoti, ukavishwa kitambaa, ukatiwa ndani ya gome la mti lililochunwa zima, ukashonewa turubai na kupakwa lami. Wakaufunga kwenye mti mrefu, watu wawili wakauinua mabegani. Matthew Wellington alikuwa mmoja wa waliopokezana.

Miezi tisa. Watu walifia njiani. Unyanyembe, Oktoba 1873, walikutana na Luteni Verney Lovett Cameron, ofisa wa Kiingereza aliyetumwa kumtafuta mzee. Cameron aliwashauri wamzike hapohapo. Alikuwa Mzungu, alikuwa ofisa, na alisema kitu chenye akili. Wakamkatalia. Mbele kidogo wakasikia kwamba njiani kuna watu wasiotaka maiti ipite katika nchi yao. Wakafanya werevu ambao mwandishi yeyote wa filamu angejivunia: walikata mabua ya mtama, wakayafunga na kuyavisha nguo kama maiti, wakawapa wenzao wachache warudi nayo hadharani, eti wanakwenda kuzika Unyanyembe. Usiku, porini, mabua yakatupwa na wachukuzi wakarudi kwa siri. Maiti ya kweli ilikuwa imeshafungwa upya ikafanana na robota la nguo, na kama robota la nguo ikapita mbele ya macho ya watu, ikaendelea hadi Bagamoyo. Walifika Februari 1874.

Wahenga wanasema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aliyeketi pembeni huona mchukuzi anapita na kitu chepesi. Hivyo ndivyo safari ile ilivyopokewa. Bagamoyo mwili ulichukuliwa na manowari ya Vulture, wachukuzi wakalipwa ujira wao na kuambiwa kazi imekwisha. London, Aprili, daktari aliyeuchunguza mwili aliutambua kwa ule mfupa wa mkono uliovunjwa na simba na kuunga vibaya, na tarehe 18 ukazikwa Westminster Abbey kwa heshima za kitaifa. Kati ya wale waliobeba, ni Jacob Wainwright peke yake aliyekuwepo, kwa kuwa misheni ilimlipia nauli. Susi na Chuma walifika Uingereza mazishi yakiwa yamekwisha. Nishani zilizotengenezwa kwa ajili ya msafara mzima zilipofika Zanzibar, wengi wa wenye nishani walikuwa wameshatawanyika.

Na Halima? Halima alikuwa mpishi wa Livingstone. Daktari mwenyewe alimsifu katika shajara yake kwa upishi na uaminifu, na alikuwemo katika safari ile ya mwisho, pamoja na wanawake wengine waliosaga nafaka, kuteka maji na kukoka moto kila kambi kwa miezi tisa. Habari za wabebaji zinapotajwa, yeye hutajwa kwa sentensi moja au hatajwi. Swan wa filamu, aliyeigizwa na Delle Bolton, ana bahati kidogo kumzidi: uso wake unaonekana. Anapika, anashona, anajenga, anacheka mara moja mbili, kisha anauawa ili mume apate sababu ya kupigana. Katika hadithi za wapweke, mwanamke anayeuwezesha upweke huo kuwa na chakula cha moto hupewa maneno machache kuliko farasi.

Matthew Wellington hakurudi Uyaoni. Juni 1873, mwezi mmoja tu baada ya kifo cha Livingstone, Sultani wa Zanzibar alitia saini mkataba wa kulifunga soko la watumwa, na misheni ya CMS ikaanzisha makazi ya walioachiliwa huru Kisauni, ng'ambo ya kaskazini ya kisiwa cha Mombasa. Makazi hayo yakaitwa Frere Town, kwa jina la Sir Bartle Frere aliyepelekwa Zanzibar kuujadili mkataba huo. William Salter Price aliyajenga mwanzoni kwa msaada wa watu wa Nasik, waliojua kusoma, useremala, uhunzi na Kiswahili. Matthew akawa mmoja wao. Alifanya kazi ya misheni, baadaye ya serikali, akaishi Mombasa hadi mwaka 1935. Fikiria umri huo. Mtu aliyembeba Livingstone aliiona reli ikianzia Mombasa mwaka 1896, akaiona vita kuu ya kwanza, akaiona Mombasa yenye magari na umeme. Mwaka 1930 W. J. Rampley alichapisha kitabu kidogo cha maisha yake, kikimtaja kuwa kiungo pekee kilichobaki hai na Livingstone.

Kengele ya Frere Town ingali na mnara wake kando ya barabara, mahali ambapo kila kondakta wa matatu hupaita Kengeleni. Ilipigwa kuwaonya watu kwamba wakamata watumwa wanakuja. Maelfu hupita pale kila siku wakielekea sokoni Kongowea, ambako mahamali hubeba magunia ya viazi na mikungu ya ndizi kutoka malorini tangu alfajiri, migongo imeinama, na watu hupisha bila kuwatazama usoni. Mtaa huu ulikaliwa na mmoja wa wachukuzi wakubwa wa historia ya Afrika Mashariki. Ni haki watoto wa shule za Kisauni wamjue Chengwimbe kama wanavyomjua Livingstone, na wamjue kwa jina hilo lake la kwanza.

Pollack na Redford walirudiana, na safari hii Kenya. Mwaka 1985 walitoa Out of Africa, Redford akiwa Denys Finch Hatton, mwindaji asiyetaka kufungwa na nyumba wala ndoa. Ni Jeremiah yuleyule, ameshuka kwenye theluji na kuingia kwenye majani makavu ya mbuga, na filamu ikazoa tuzo saba za Oscar. Finch Hatton wa kweli alikuwa na nyumba Takaungu, kaskazini ya Mombasa, na alikufa tarehe 14 Mei 1931 ndege yake ilipoanguka Voi. Hakufa peke yake. Mhudumu wake Kamau alikuwa naye ndani ya ndege. Watalii hupanda vilima vya Ngong kuliona kaburi la Denys.

Filamu ya Mountains of the Moon, ya mwaka 1990, inayohusu wavumbuzi Burton na Speke, ilijaribu kidogo zaidi. Ilimpa nafasi Sidi Mubarak Bombay, kiongozi wa misafara ambaye historia yake inafanana na ya Chengwimbe: Myao, aliyeuzwa utumwani, akapelekwa India, akarudi akiwaongoza Burton, Speke, Stanley na Cameron. Nafasi hiyo aliigiza Paul Onsongo, Mkenya. Lakini hata pale, kamera ilikuja na wageni na ikaondoka nao.

Filamu inayodaiwa bado haijatengenezwa. Ingeanza alfajiri ile ya Mei 1873, kwa Majwara kuamka, na Livingstone angekuwa ameshakufa kabla jina la filamu halijaandikwa kwenye pazia. Lugha yake ingekuwa Kiswahili cha misafara, chenye lafudhi ya Kiyao, ya Kinyamwezi na ya Kimrima, pamoja na Kiingereza cha vijana wa shule za India. Ingelikalia shauri lile muda mrefu, maana ndipo palipo na mambo: nani alisema tumzike, nani alisema tumbebe, aliyekuwa na mke Zanzibar alipima vipi, na aliyewahi mwenyewe kuwa shehena ndani ya jahazi alifikiri nini alipoinamia ncha ya mti ule kwa mara ya kwanza. Ingeonyesha zamu zikibadilika, bega la kulia kwa asubuhi, la kushoto kwa mchana. Ingemwonyesha Cameron akiambiwa hapana. Waigizaji wapo; yeyote aliyewaona vijana wa pwani wakicheza jukwaani katika mashindano ya drama ya shule analijua hilo. Na mwandishi wa mswada angelazimika kufanya kazi kubwa kwa ajili ya Halima, ambaye aliijua njia yote ile kwa miguu yake, alimjua mzee kuliko Stanley alivyomjua, na lazima alikuwa na maoni yake kuhusu wanaume waliokaa shauri.